Fedha za Wengine Mikononi mwa Mwanafunzi

Mtu atokaye Kisumu akishika barabara ya magharibi hufika Busia, na yule atokaye Eldoret akipita Webuye na Bungoma hufika Malaba. Miji hii miwili, yote ya Kaunti ya Busia, ndiyo milango mikubwa ya nchi ya Kenya upande wa Uganda. Malaba ina reli, ile iliyofika Kampala mwaka 1931, na malori ya mizigo hupanga safu ndefu barabarani yakingoja zamu ya kuvuka. Busia ina soko ambalo watu wa nchi zote mbili huingia na kutoka tangu alfajiri, wengine wakileta mihogo na wimbi, wengine mayai, ndizi na samaki wa Ziwa Victoria. Hata neno bodaboda, ambalo sasa latumiwa katika Afrika ya Mashariki yote, lilizaliwa katika mpaka huu, hapo vijana wenye baiskeli walipokuwa wakichukua abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili.

Mtoto aliyelelewa mahali kama hapa huijua fedha mapema. Aghalabu hujua kuhesabu chenji kabla hajajua kuandika barua. Walakini kuna elimu moja ya fedha ambayo soko peke yake haliwezi kumfundisha, nayo ni elimu ya kushika fedha zisizo zake, kuzitunza kwa ajili ya mtu asiyemjua, na kisha kusimama mbele ya watu na kueleza jinsi kila shilingi ilivyotumika. Elimu hiyo hupatikana vizuri sana katika jambo ambalo wazazi wengine hulihesabu kuwa ni mchezo tu, yaani mchango wa hisani unaotengenezwa na wanafunzi wenyewe shuleni.

HAJA IKO KARIBU

Wanafunzi wa Busia na Malaba hawana haja ya kutafuta mbali watu wa kusaidiwa. Upande wa kusini wa kaunti hiyo hiyo, katika nchi ya Budalang'i, Mto Nzoia humwagika ziwani, na mvua kubwa zinyeshapo maji huvunja kingo na kuingia katika mashamba na nyumba. Mwaka 2020 maelfu ya watu wa huko walihama makwao kwa ajili ya mafuriko, na mwaka 2024 mvua za masika zilileta taabu tena katika sehemu nyingi za Kenya, hata shule zikachelewa kufunguliwa. Mtoto aliyepoteza madaftari, sare na kitanda katika maji kama hayo ni mwenzi wa mtoto wa Malaba, ijapokuwa hawajaonana.

Tena iko haja iliyo karibu zaidi, ndani ya darasa lenyewe. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2003 karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa nchini Kenya, na tangu mwaka 2008 serikali hulipa sehemu ya gharama ya masomo ya sekondari. Lakini sare, chakula, vitabu na malipo ya bweni havikukoma kumhangaisha mzazi, na kila mwalimu amjua mtoto mwerevu ambaye huonekana wiki mbili, akapotea wiki ya tatu. Mchango mdogo wa wenziwe waweza kuwa ndio unaomrudisha darasani.

DESTURI ILIYOZOEWA

Kuchangiana si jambo geni kwa Waafrika. Watu wa Busia, wawe Wateso, Wakhayo, Wasamia, Wamarachi au Wanyala, wamezoea tangu zamani kusaidiana katika kulima, kujenga na kuzika. Mwaka 1963, Kenya ilipopata madaraka, Jomo Kenyatta alilitwaa neno Harambee, ambalo wafanya kazi hulitamka wanapovuta kitu kizito kwa pamoja, akalifanya kuwa wito wa taifa. Watu waliitikia kwa nguvu. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zilizojengwa kwa michango ya wananchi zilizidi kwa hesabu zile za serikali. Huko Kakamega, ambako si mbali na Busia, watu walichanga ili wapate chuo chao cha ufundi, na chuo hicho kilichoanzishwa mwaka 1972 kikaendelea kukua hata mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Lakini hiyo ndiyo sura nzuri ya Harambee, na yafaa wanafunzi waijue na ile nyingine. Zilikuwako harambee ambazo wakubwa walizigeuza kuwa jukwaa la kujisifu, na wanyonge wakatozwa kwa nguvu, na fedha zikaonekana siku ya kutolewa wala zisionekane tena. Kwa sababu hiyo mwaka 2003 ilitungwa sheria iliyomkataza mtumishi wa serikali kutumia cheo chake kuwashurutisha watu wachange. Kijana anayeanza kukusanya fedha yampasa aelewe kwamba anapokea desturi yenye heshima, lakini yenye jeraha pia. Watu wamekwisha kudanganywa, nao wana haki ya kumwuliza maswali.

SWALI LA MAMA WA SOKONI

Na swali huja kweli. Hebu msomaji amfikirie binti wa sekondari aliyechaguliwa na wenziwe kuwa mweka hazina wa mchango wa kuwasaidia watoto wa Budalang'i. Avuka barabara na kufika mbele ya mama auzaye dagaa sokoni Busia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wataka dagaa?"

"Hapana, mama. Sisi wanafunzi twakusanya mchango kwa ajili ya watoto waliofikwa na mafuriko."

"Vema. Lakini niambie, mwanangu, fedha hizi zitafika kweli?"

Swali hilo fupi lina mafunzo mengi kuliko mtu anavyodhani. Binti asiyejiandaa ataona haya, atacheka na kuondoka. Aliyejiandaa ataonyesha barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri, na kitabu cha stakabadhi chenye namba zilizofuatana. Atataja jina la shule itakayopokea, siku ya kupeleka, na mahali hesabu zitakapobandikwa ili kila mtu azisome. Baada ya hapo mama yule atafungua kitambaa chake. Pengine atatoa shilingi 50 tu. Lakini binti amekwisha kujifunza kwamba watu humpa fedha mtu wanayemwamini, na kwamba imani hiyo haiji kwa maneno matamu, bali huja kwa habari kamili.

KAZI ISIYOONEKANA

Watu wengi huona siku ya sherehe peke yake: kwaya, ngoma za Wateso, mpira kati ya walimu na wanafunzi, na jogoo akinadiwa hata bei yake ikapita ile ya mbuzi. Wasiyoyaona ni majuma yaliyotangulia. Sheria ya Kenya hutaka ruhusa ipatikane kwanza kwa michango inayokusanywa kwa watu wote hadharani, kwa hiyo mwalimu mlezi na wanafunzi wake hawana budi kuuliza afisini yale yanayotakiwa kabla hawajatoka nje ya lango la shule. Lazima kamati ichaguliwe, yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Yapasa iandikwe makadirio ya gharama, na barua za kuwaalika wageni. Na kama mvua itanyesha siku hiyo, lazima ijulikane mapema watu watakaa wapi.

Katibu wa kamati hujifunza kuandika barua itakayosomwa na mkubwa asiye na nafasi, naye hugundua kwamba barua fupi iliyo wazi hujibiwa, na ndefu yenye mapambo huwekwa kando. Mwenyekiti hujifunza kusikiliza wenye shauri lisilofanana na lake, kisha kukata maneno bila kuvunja urafiki. Hayo hayapimwi kwa mtihani wa mwisho wa mwaka, lakini kila afisi na kila duka huyatafuta kwa kijana anayeomba kazi.

Mweka hazina wa mpakani ana kazi ya ziada isiyojulikana na mwenzake wa Nakuru au Nyeri. Zamani Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika ya Mashariki, lakini tangu mwaka 1966 kila nchi ina fedha zake. Shilingi moja ya Kenya sasa hununua shilingi zaidi ya 20 za Uganda. Katika kopo la mchango la Busia au Malaba zitaingia fedha za namna zote mbili, na nyingine zitaletwa kwa simu, kwa njia ya M-Pesa ambayo ilianza nchini Kenya mwaka 2007. Basi daftari lake lazima liwe na safu tatu, na fedha za simu ziingie katika hesabu ya shule, si katika simu ya mtu binafsi, hata akiwa ni mwalimu apendwaye na wote.

SHILINGI 200

Na ufuatwe mfano mmoja hadi mwisho, uonyeshe mahali jaribu lilipo. Jioni ya siku ya mchango binti yule ajumlisha daftari lake. Lasema kwamba fedha taslimu za Kenya ni shilingi 18,450. Ahesabu kopo mara tatu, na kila mara apata shilingi 18,250. Zimepungua 200. Fedha za Uganda ni 84,000, ambazo zikibadilishwa kwa 28 hupata shilingi 3,000 za Kenya.

Hapo njia tatu zafunguka mbele yake. Aweza kufuta tarakimu moja daftarini na kuandika nyingine, wala asijue mtu. Aweza kutia shilingi 200 za nauli yake katika kopo, akaona kwamba ametenda wema. Au aweza kwenda kwa mwalimu mlezi, hali moyo wamdunda, na kusema kwamba hesabu haikubali, ingawa ajua kwamba wengine watadhani ameiba.

Njia ya kwanza ni ya udanganyifu, na atakayeizoea kwa shilingi 200 ataizoea kwa laki mbili. Njia ya pili yafanana na ukarimu, lakini nayo huficha ukweli, kwa maana kosa libaki pale pale bila kujulikana lilitoka wapi. Njia ya tatu ndiyo ngumu, nayo ndiyo ya haki. Mwalimu achukua vishina vya stakabadhi, wavisoma pamoja kimoja kimoja, na mwishowe waona kwamba stakabadhi moja ya shilingi 200 iliingizwa daftarini mara mbili. Hakuna aliyeiba. Hesabu ya haki ni shilingi 18,250, na pamoja na zile 3,000 zafanya 21,250. Gharama zikitolewa, ambazo ni shilingi 2,150, zabaki 19,100 za kupelekwa Budalang'i.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana aliyepitia jioni kama ile hatausahau usemi huo kamwe, kwa sababu ameona kwamba daftari hilo hilo ambalo lingeweza kumshtaki ndilo lililomtetea.

WALIOANZIA PADOGO

Je, mambo haya yaweza kweli kugeuza maisha ya mtu? Habari ya kisima kimoja cha Uganda yatoa jibu. Mwaka 1998 mtoto wa Kanada aitwaye Ryan Hreljac, mwenye umri wa miaka 6, alisikia mwalimu wake darasani akieleza kwamba watu wengi hawana maji safi ya kunywa. Alielewa kwamba dola 70 zatosha kwa kisima, akafanya kazi za nyumbani kwa wazazi wake hata akazipata. Alipozipeleka akaambiwa kwamba kuchimba kisima hugharimu kama dola 2,000. Makadirio yake yalikuwa madogo mno, lakini hakuacha. Aliendelea kufanya kazi na kuwaeleza watu, nao wakamsaidia, na mwaka 1999 kisima kikachimbwa katika Shule ya Msingi ya Angolo, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2000 alikwenda mwenyewe kukiona. Mwaka 2001 shirika lenye jina lake liliundwa ili kazi hiyo iendelee. Mtoto yule alikua, akasoma mambo ya maendeleo ya mataifa katika chuo kikuu, kisha akawa kiongozi wa shirika hilo. Kazi yake ya maisha ilitoka katika mchango wa darasa la kwanza.

Mfano mwingine watoka Kenya yenyewe. Tom Mboya, kabla hajajulikana katika siasa, alikuwa mwanafunzi wa kazi ya ukaguzi wa afya, akamaliza mafunzo hayo mwaka 1950, na alipokuwa huko wenziwe walimchagua kuwa mkuu wa baraza la wanafunzi. Kutoka hapo alikwenda katika vyama vya wafanya kazi, ambako kazi kubwa ni kukusanya ada ndogo ndogo za watu wengi na kuzitolea hesabu. Mwaka 1959, pamoja na marafiki zake wa Marekani, aliongoza mpango wa kutafuta fedha za ndege ya kuwapeleka vijana wa Afrika ya Mashariki vyuoni huko, na Septemba ya mwaka ule wanafunzi 81 walifika New York. Wengine waliwafuata katika miaka iliyofuata. Miongoni mwao alikuwamo Wangari Maathai, aliyesafiri mwaka 1960, akaja kuanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Sehemu kubwa ya fedha za ndege ile ya kwanza ilitoka kwa watu wa kawaida waliotoa kidogo kidogo.

Hata hivyo itakuwa si haki kumwambia kila mwanafunzi wa Malaba kwamba akishika kopo la mchango atakuwa mtu mashuhuri duniani. Walio wengi watakuwa watu wa kazi za kila siku, nazo katika miji hii ni kazi zinazotaka uaminifu wa hesabu kuliko nyingi nyingine. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi mwaka 2018, ambapo maafisa wa nchi mbili hukagua hati mahali pamoja. Lori hupita upesi au hulala njiani kwa sababu ya karatasi. Karani wa forodha, wakala wa mizigo, mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo, mwenye duka la jumla, hawa wote huishi kwa jina jema. Mwenye kulijenga jina hilo akiwa na miaka 16 ametangulia mbele ya wenziwe.

YAWAPASAYO WAKUBWA

Mchango wa shule waweza pia kuharibu, kama wakubwa hawaangalii. Si vema kumrudisha mtoto nyumbani kwa kuwa hakuleta mchango, kwa maana hapo hisani imegeuka kodi. Si vema wanafunzi wapoteze masomo ya majuma mazima, wala wasichana watumwe peke yao katika vituo vya malori jioni. Si vema jina la mtoto anayesaidiwa litangazwe mbele ya watu wote. Msaada unaomwaibisha apokeaye umepoteza nusu ya thamani yake. Wala si vema mwalimu afanye kazi yote mwenyewe kisha awape wanafunzi maneno ya kusoma siku ya sherehe. Aachwe kijana aandike barua, akosee, asahihishwe, aandike tena. Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kutumiwa nchi nzima mwaka 2019, unahesabu huduma kwa jamii kuwa sehemu ya masomo, basi walimu wana ruhusa na sababu ya kuifanya kazi hii kwa utaratibu.

Nao wazazi wasidharau. Mzazi aonapo mwanawe akikaa usiku na daftari la mchango asimwulize, "Wewe wapata nini humo?" Ni afadhali amwombe aeleze hesabu ile, na kama haielezeki, wakae pamoja hata ieleweke. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na kutunza kilichotolewa ni moyo pia, tena wenye subira.

Kazi haimaliziki siku fedha zilipofikishwa. Humalizika siku hesabu zilipobandikwa ukutani, zikiwa na sahihi ya mwalimu mkuu, ya mweka hazina na ya mwalimu wa shule iliyopokea, na nakala ikapelekwa sokoni kwa wale waliotoa. Mama muuza dagaa pengine hataisoma yote. Atatafuta jina la Budalang'i na jumla ya fedha zilizofika, kisha ataendelea na biashara yake. Mwaka ujao wanafunzi wa shule ile wakija tena, hatauliza kwa sauti ile ya kwanza.